Uzi: Homa kwa mama mwenye mimba na SS (selimundu, ugonjwa wa seli nyekundu zinazojipinda), na wasichana wa SS wanaotafuta kunenepa kwa vidonge

Mkunga_Katuba

Jambo wote. Mvua imerudi Lubumbashi na malaria imerudi nayo, kwa hiyo tuongee mapema. Mama mwenye SS, mimba ya miezi sita, anafika CPN (kliniki ya wajawazito) na homa. Anatobolewa kidole, tesiti ya malaria inatoka chanya, anapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Siku ya tatu analetwa akihema. Malaria ilikuwepo kweli, ila haikuwa peke yake.

Ninachotaka kila mfanyakazi wa CPN akishike ni hiki: kwa mama wa SS, joto la 38 kwenda juu ni dharura ya saa ile ile, na tesiti ya malaria ikiwa chanya haimalizi uchunguzi. Sababu iko kwenye wengu. Tangu utotoni seli zinazojipinda huziba mishipa yake midogo mpaka unanyauka, na kwa wengi wenye SS haufanyi kazi tena hata kabla ya kuanza shule. Ndio unaotusaidia kuchuja bakteria wenye ganda: pneumokoki, meningokoki, Haemophilus aina b (Hib). Pneumokoki akiingia kwenye damu ya mtu asiye na wengu anaweza kumuua kabla siku haijaisha. Salmonella naye hupenda kujificha kwenye mifupa yao. Sasa ongeza mimba: tumbo la uzazi linabana mirija ya mkojo, mkojo unatuama; mapafu yanasukumwa kutoka chini, hewa haifiki vizuri kwenye sehemu za chini. Ndiyo maana figo na mapafu ndiyo yanayougua zaidi.

Akifika na homa, usianze na paracetamol. Pima kwanza, andika, halafu mpe: gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na kama yuko chini ya kilo 50 hesabu miligramu 15 kwa kilo. Joto likishashushwa bila kuandikwa, zamu inayofuata itasema "hana homa". Hesabu pumzi kwa dakika nzima, pima mapigo, presha, na oksijeni kidoleni. Sikiliza moyo wa mtoto. Tuma damu na mkojo labo, kisha antibiotiki ianze ndani ya saa ya kwanza bila kusubiri majibu. Seftriaksoni gramu 2 kwenye mshipa ndiyo tunayoipata kwa urahisi. Angalizo: isipitishwe kwenye mpira mmoja na Ringer laktati, kwa sababu inashikana na kalsiamu na kuganda. Tumia serumu ya chumvi au safisha mpira kwanza.

Dokta na watu wa labo, endeleeni.

Labo_Kampemba

Kwa upande wa labo, naomba tuanze na kitu kinachochanganya familia nyingi: tesiti ya Emmel. Inaonyesha tu kwamba seli zinaweza kujipinda. AS (mbebaji) atatoka chanya, SS (mgonjwa) atatoka chanya. Kwa hiyo karatasi yenye "Emmel +" haikuambii kama huyu mama ni mgonjwa au ni mbebaji tu. Elektroforezi ya hemoglobini ndiyo inayotenganisha, na siku hizi kuna tesiti za haraka za tone la damu zinazoonyesha hemoglobini A, S na C. Afanyiwe mara moja, iandikwe kwenye karatasi ya CPN, na baba wa mtoto apimwe pia. Mama akiwa SS na baba AS, kila mimba ina nusu ya uwezekano wa mtoto kuwa SS.

La pili, hemoglobini. SS wengi wanaishi na gramu 6 hadi 9 kwa desilita wakiwa wazima kabisa. Mtu asione 7.5 akakimbilia kuagiza damu. Ulizeni ya kawaida yake ni ngapi. Ikiwa ya kawaida ni 8 na leo ni 7.5, hiyo haijabadilika. Ikiwa ya kawaida ni 8 na leo ni 5.5, hapo kuna kitu, na swali langu linalofuata ni retikulositi (seli nyekundu changa). Zikiwa juu, uboho unafanya kazi ila damu inapasuka: malaria, maambukizo, au dawa kwa mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu). Zikiwa chini sana, uboho umesimama, na hapo fikiria parvovirusi B19, ile inayopita kwa watoto na kuwaacha mashavu mekundu au bila dalili yoyote. Huyo anahitaji damu haraka, na mtoto tumboni afuatiliwe kwa ekografia (ultrasound) kwa sababu virusi hivyo vinaweza kumkaushia damu naye mpaka avimbe maji.

Tesiti za haraka za malaria zinazotafuta HRP2 (protini ya kimelea) hubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha. Aliyetibiwa wiki mbili zilizopita apigwe gutepesi (tone la damu kwenye darubini). Na kinyume chake pia: vimelea vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma, damu ya kidoleni ikatoka safi.

Dr_Ruashi

Naunga mkono, na naongeza kifua kwa sababu ndicho kinachoua. Mama wa SS akiwa na homa pamoja na maumivu ya kifua, kikohozi au pumzi fupi, usimwite tu "nimonia" ukampa amoksisilini ya nyumbani. Inaweza kuwa maambukizo, inaweza kuwa seli zimeziba mishipa ya mapafu, inaweza kuwa mafuta ya uboho yamesafiri kutoka kwenye mfupa uliokufa, na mara nyingi ni vyote pamoja. Mara nyingi hutokea siku mbili au tatu baada ya mgonjwa kulazwa kwa maumivu ya mifupa, kwa hiyo yule aliyelala kitandani na maumivu ya mgongo apimwe oksijeni kila zamu. Ikiwa chini ya asilimia 95, mpe oksijeni na mwite munganga (daktari). Seftriaksoni iongezewe azitromisini, kwa sababu vimelea kama Mycoplasma havisikii seftriaksoni. Radio (picha ya eksirei) ya kifua ipigwe. Tumbo lifunikwe, na woga wa mionzi usicheleweshe. Serumu iwe kwa kipimo: ukimjaza lita nne kwa siku "ili damu iwe nyepesi", mapafu yatajaa maji na utamwongezea tatizo. Anayekunywa vizuri hahitaji kutundikiwa.

Damu ikihitajika, lengo si kumfikisha hemoglobini 12. Ukimpandisha zaidi ya 10 au 11 haraka, damu inakuwa nzito na mishipa inaziba. Omba damu iliyopimwa VVU, hepatiti B na C, na kaswende, na kama benki ya damu inaweza kulinganisha pia makundi ya Rh yote na Kell, afadhali. SS wanaopewa damu mara nyingi hutengeneza kingamwili, na siku ya kujifungua hapatikani mfuko unaomfaa.

Maumivu: diklofenaki na ibuprofeni si za mimba chini ya wiki 12 wala baada ya wiki 28. Mofini inaruhusiwa. Mama asiachwe analia kwa kuogopa mofini.

Famasi_BelAir

Naomba nizungumzie mkojo na dawa zake, maana kwenye kaunta ndiko makosa yanakofanyika.

Mama wa SS anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila kuwashwa wala homa, na wasipotibiwa hupanda kwenye figo. Bandeleti (kijiti cha kupima mkojo) kila CPN, na kuotesha mkojo kila mwezi pale inapowezekana. Mkojo wa katikati: ajisafishe, aache wa kwanza upite, akinge unaofuata kwenye chupa safi, ufike labo ndani ya saa 2. Ukikaa kwenye joto nusu siku, bakteria wataota wenyewe na majibu hayana maana.

Sasa dawa. Siprofloksasini haifai mimba, lakini ndiyo ya kwanza kutajwa mtu akisema "mkojo unachoma". Doksisiklini vilevile hapana. Kotrimoksazoli iepukwe miezi mitatu ya kwanza kwa sababu inapingana na foliki (vitamini ya kutengeneza damu), na karibu na kujifungua kwa sababu ya manjano ya mtoto. Nitrofurantoini inakatazwa mwishoni mwa mimba, na inapasua damu ya mwenye upungufu wa G6PD, upungufu ambao kwetu Kongo ni wa kawaida. Kinachobaki salama: sefiksimu miligramu 200 mara mbili kwa siku 5, au fosfomisini gramu 3 mara moja. Mama akishapata homa na maumivu ya ubavu, hiyo si kazi ya famasi tena. Ni kulazwa, seftriaksoni ya mshipa, kisha vidonge mpaka zitimie siku 10 hadi 14.

Penisilini V ya kinga, miligramu 250 asubuhi na jioni, haina shida na mimba. Wengi huiacha wakisikia wana mimba. Waambieni waendelee. Hidroksiurea (dawa ya SS ya kila siku) ndiyo inayosimamishwa, na ni vizuri munganga ajue miezi mitatu kabla ya kutafuta mtoto.

Rele_Kisanga

Bandugu, aksanti kwa hii uzi. Niko na maulizo mbili. Ya kwanza: kuna bamama ba SS wanaambiwa basimamishe foliki juu ya Fansidar (dawa ya kukinga malaria mu mimba). Ni kweli? Ya pili, mtoto mwanamuke wa SS, miaka 15, urefu metre 1.50, kilo 34. Hajaona mwezi bado. Masomoni banamucheka, na mama yake iko anamupatia vidonge vya kunenepesha vya sokoni. Mashavu imejaa, mama anafurahi. Niambie mama nini?

Famasi_BelAir

@Rele_Kisanga nianze na vidonge, tafadhali mfikie mama huyo leo. Vingi vya vile vinavyouzwa kwa kuhesabu, bila boksi, ni siproheptadini iliyochanganywa na deksametazoni, au deksametazoni peke yake. Siproheptadini inaongeza hamu na usingizi, na munganga anaweza kuiandika kwa sababu yake. Deksametazoni ni jambo jingine. Yale mashavu ni maji na mafuta yaliyohamishwa. Misuli yenyewe inapungua. Kwa msichana wa SS hasara zinapandana: kinga inashuka kwa mtu ambaye tayari hana wengu, homa inafichwa, mifupa ya nyonga ambayo SS inaila inaliwa mara ya pili, na urefu unasimama wakati ambapo angepaswa kurefuka.

Na usimwambie mama avitupe leo leo. Akivitumia zaidi ya wiki mbili au tatu, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala. Akisimama ghafla anaweza kuanguka na presha ya chini, kutapika, na kwa SS maumivu makali ya mifupa hurudi kwa nguvu steroidi ikikatwa. Apelekwe kwa munganga pamoja na vidonge vyenyewe, apunguziwe hatua kwa hatua. Na akipata homa katika kipindi hicho, au hata miezi michache baadaye, aliyempokea aambiwe kwamba alitumia deksa.

Mkunga_Katuba

Kuhusu foliki na Fansidar: SS anatengeneza seli nyekundu upya bila kupumzika, kwa hiyo foliki anaihitaji kweli, na nchi zisizo na malaria humpa miligramu 5 kwa siku. Lakini Fansidar inaua kimelea kwa kukizuia kutengeneza foliki. Ukimpa mama miligramu 5, unadhoofisha Fansidar. Miligramu 0.4 haina shida hiyo. Kwa hiyo jibu si "simamisha foliki". Munganga aamue kipimo kipindi cha Fansidar, na mama asijiamulie mwenyewe. Fansidar yenyewe ni vidonge 3 kwa pamoja, mbele ya mkunga, kuanzia wiki ya 13, angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, mpaka kujifungua, zisipungue tatu. Mwenye VVU anayekunywa kotrimoksazoli hapewi. Na chandarua kila usiku.

Kuna mtego mwingine: kidonge cha CPN chenye foliki 0.4 kimeunganishwa na chuma miligramu 60. SS aliyewekewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kimejaa kwenye ini. Kama feritini (kipimo cha akiba ya chuma) inaweza kupimwa, ipimwe kabla ya kumpa chuma miezi yote.

Lishe_Kamalondo

Niingie kwa huyo msichana. Hesabu ya uzito kwa urefu (BMI): 34 gawanya kwa 1.50 mara 1.50, unapata 15.1. Kwa msichana wa miaka 15, vipimo vya OMS (WHO) vinasema chini ya 15.9 ni kukonda, chini ya 14.4 ni kukonda vibaya. Kwa hiyo amekonda, lakini hajafika pale pa kulazwa. Ila kama uzito huo umepimwa akiwa na maji ya deksa mwilini, ukweli wake uko chini zaidi. Apimwe tena baada ya kupunguziwa, na mzingo wa mkono wa juu uandikwe.

Kuchelewa kuona mwezi, kwa SS, mwaka mmoja au miwili ni jambo linalojulikana. Mwili wake unatumia nguvu nyingi hata akiwa amelala, kwa sababu moyo unapiga haraka na uboho haupumziki. Akila sawa na dada yake, atabaki nyuma. Mama asimlaumu kwamba "anakula bure".

Lengo: kwenda kilo 36 kwanza, halafu 40. Gramu 300 hadi 500 kwa wiki zinatosha. Hii inapatikana kwa takriban kilokalori 500 za ziada kila siku, na bukari (ugali) nyingi zaidi haitazileta. Bukari ni maji kwa sehemu kubwa, inajaza tumbo kabla ya nguvu kuingia. Ongeza kile kinachobeba nguvu nyingi kwa nafasi ndogo. Kijiko kikubwa cha mafuta ya mawese kwenye sombe (kisamvu) au lengalenga (mchicha) ni kama 120. Konzi ya karanga, gramu 30, ni 170 na protini gramu 7. Nusu parachichi la kadiri ni 160. Yai ni 70 na protini 6.

Uji wa asubuhi au wa kurudi masomoni: unga wa mahindi gramu 40 (vijiko vikubwa 4 visivyojaa sana), unga wa soya gramu 15, siagi ya karanga kijiko kikubwa 1, sukari vijiko vidogo 2, mafuta kijiko kidogo 1, maji kama mililita 400. Unakaribia kilokalori 390 kwenye bakuli moja. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Mbichi ina kitu kinachozuia protini kusagika tumboni, na watoto wanaharisha halafu watu wanasema soya haifai. Karanga zenye ukungu zitupwe zote, usichague. Siagi na mafuta viingie mwishoni, uji ukishatoka motoni.

Ndakala (dagaa) kavu zisagwe na kichwa chake, kijiko kimoja kwenye mchuzi kila siku. Maharagi, vinkubala (viwavi wa kuliwa) vikiwa msimu, kuku au nyama hata kidogo mara mbili tatu kwa wiki: humo ndimo kuna zinki, na wenye SS hupoteza zinki kwenye mkojo. Upungufu wake unachelewesha kukua. Vidonge vya zinki, kama munganga atakubali, miligramu 10 kwa siku zinatosha. Ukizidisha kwa miezi unakausha shaba mwilini, na hilo nalo linaleta upungufu wa damu.

Sirapu za "kuongeza damu" ziachwe. Nyingi ni chuma. Damu yake haipungui kwa kukosa chuma, inapasuka.

Dr_Ruashi

@Lishe_Kamalondo vizuri sana. Naongeza maji. Figo za SS haziwezi kubana mkojo, kwa hiyo anakojoa sana hata akiwa na kiu. Lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na chupa iingie darasani. Mwalimu aambiwe amruhusu kutoka. Watoto wengi huacha kunywa ili wasiombe ruhusa. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Lubumbashi inapobana asubuhi, hawaoni kiu na hapo maumivu huanza. Maji ya uvuguvugu, soksi, sweta.

Maji hayo yatibiwe. Mayai yachemshwe mpaka kiini kigande, kuku asiwe na damu karibu na mfupa. Salmonella kwa huyu msichana inaweza kuishia kwenye mfupa wa mguu, na matibabu yake ni ya wiki nyingi. Akiharisha, glasi ya ORS kila baada ya choo, na asikae nyumbani siku nzima akisubiri.

Rele_Kisanga

Nimeelewa. Ulizo ya mwisho: deksa si banapatia pia bamama wa mimba ku hospitali? Mama yake atanijibu hivyo.

Dr_Ruashi

Atakujibu hivyo, ndiyo. Hospitali inampa mama anayekaribia kuzaa kabla ya wakati, kati ya wiki 24 na 34, sindano ya miligramu 6 kila saa 12, mara 4, basi. Ni kwa ajili ya mapafu ya mtoto, na sharti mojawapo ni kwamba mama asiwe na dalili za maambukizo. Kwa mama wa SS hata dozi hizo nne zinaweza kuamsha maumivu, kwa hiyo anabaki amelazwa na kufuatiliwa. Siku mbili chini ya macho ya wauguzi si sawa na miezi mitatu ya vidonge vya kuhesabu.

Mkunga_Katuba

Na hatari haiishi mtoto akishatoka. Upasuaji ukihitajika, sefazolini gramu 2 iingie kabla ya kisu, ndani ya saa moja kabla, isiwe baada. Baada ya kuzaa, wiki 6 zote: homa, damu yenye harufu, titi jekundu lenye moto, mguu mmoja uliovimba, pumzi fupi, arudi siku hiyo hiyo. Akitafuta uzazi wa mpango, sindano ya miezi mitatu au kipandikizi. Vidonge vyenye estrojeni vinaongeza kuganda kwa damu.

@Rele_Kisanga huyo msichana ukimfikia, ulizia pia karatasi yake ya chanjo. Pneumokoki na Hib viko kwenye chanjo za watoto za PEV (mpango wa chanjo wa taifa), lakini mwenye miaka 15 leo huenda alikosa dozi. Penisilini V yake uliza inanunuliwa na nani, na imebaki ya siku ngapi. Na termometa: kama nyumbani haipo, wapate moja, mama aonyeshwe kuisoma, na namba 38 iandikwe kwa kalamu kwenye boksi lake.